Risala ya Wakazi wa Bondeni kwa Mgeni Aliyekuja Kuona Ukuta

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mfuko. Maofisa mliofuatana naye. Mhandisi wa manispaa. Majirani zetu wa mlimani, mlioteremka leo wenyewe badala ya kutuma maji yenu. Na wakazi wenzetu wote, mliokaa na mliokosa pa kukaa:

Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo, na poleni kwa jua. Jua hili msilinung'unikie. Sisi huku tukiliona tunalisalimia kama shemeji aliyekuja na kapu limejaa.

KARIBU SANA

Mgeni rasmi, tumefurahi kukuona, na furaha hii si ya kuigiza, ingawa ya kuigiza nayo tunaiweza, tulipewa semina. Umekaa kwenye kiti cha kinyozi. Usione tumekudharau. Ni kiti pekee hapa bondeni chenye mgongo na mikono ambacho maji hayajawahi kukichukua, kwa sababu siku zote hukaa kimefungwa sakafuni kwa nati nne zenye kutu, na kinyozi wetu alitumia asubuhi nzima ya jana kuzibembeleza zikiachie. Tunakuomba jambo moja tu la usalama: hicho chuma kilicho karibu na mguu wako wa kulia usikikanyage. Mwenyekiti wetu alikikanyaga jana katika majaribio, akasikiliza nusu ya risala hii akiwa chali anatazama mawingu. Alisema ilisikika vizuri zaidi.

Tuliagizwa risala isizidi kurasa mbili. Tumetii. Tumeandika kwa herufi ndogo.

SISI NI NANI

Sisi ni wakazi wa nyumba sitini na moja zilizo kati ya mlima na barabara kuu. Ukitaka kutuelewa haraka, chukua beseni. Mlima ni ukingo mmoja, barabara ni ukingo wa pili, maana ilipojengwa iliinuliwa juu kama ukuta. Sisi ndio tuliomo ndani. Na tundu la beseni ni kalavati moja chini ya barabara, bomba la saruji ambalo mtu mzima akitaka kupita humo atambae, na akitambaa aombe.

Hatumlaumu aliyelijenga. Wakati ule mlimani kulikuwa na mashamba, na mvua ikinyesha ardhi inakunywa sehemu kubwa, sisi tunapata makombo. Sasa mashamba yamekuwa nyumba nzuri sana, tunazisifu, na kila ua umesakafiwa hadi ukutani. Ardhi haina tena mdomo. Maji yanashuka kwetu yote, pamoja na vitu vya wenyewe. Tumewahi kurudisha mlimani kandambili, mpira, antena, na siku moja mbwa, akiwa hai na amekasirika.

Mwaka jana tulifanya kikao cha ujirani. Mzee mmoja wa kule akasema, "Lakini sisi hatuwaletei maji. Maji yanateremka yenyewe."

Mke wa mwenyekiti wetu akamjibu kwa heshima zote, "Ni kweli, baba. Lakini yanafika kwangu na bahasha zenye jina lako."

Yule mzee yuko hapa leo, amekaa safu ya pili, na ndiye aliyetuazima maturubai. Tunasema hivyo ili ijulikane kwamba tunataniana, hatupigani.

Kikundi chetu kina wafua nguo, mafundi, wachuuzi, kinyozi mmoja, na mwenyekiti ambaye ni muuza mkaa. Ndiyo, mwenyekiti wetu wa kikundi cha mazingira anauza mkaa. Tunalisema wenyewe kabla ofisa wako mwenye kishikwambi hajaliandika. Tulipomchagua aliulizwa haoni aibu, akasema: "Aibu ya nini? Mimi ndiye mtu pekee hapa ambaye tabianchi imemlipiza kisasi waziwazi. Magunia kumi na manne yamekwenda na maji. Mkaa ukilowa hauwaki, na mteja akilowa hanunui. Nani anaijua hasara hii kuliko mimi?" Akapita bila kupingwa. Tangu mafunzo ya Mfuko wako, nusu ya kibanda chake ni makaa ya vumbi na maranda yaliyobanwa, na hiyo nusu nyingine anasema anaiaga taratibu, kama mtu anayeacha sigara.

Anayesoma ni katibu, fundi cherehani wa nyumba ya thelathini. Hana mengi ya kusema juu yake mwenyewe, isipokuwa kwamba ukuta uliokuja kuuona ni wake. Tutaufikia. Tunajikongoja kuuchelewesha.

TULIKOTOKA

Zamani mvua ilikuwa na adabu. Ilibisha hodi kwa mawingu siku mbili, mtu akaanua nguo, akaingiza kuni, akasema karibu. Siku hizi inaingia kama mdai. Mtaalamu wa semina ya nne alituchorea mchoro kueleza kwa nini, na tulimwelewa, ingawa mchoro wenyewe ulilowa wiki iliyofuata.

Kwa miaka tisa tumefurika mara kumi na moja. Hatuhesabu kwa tarehe. Kila mafuriko tunayaita kwa kile yalichochukua. Kuna Mafuriko ya Sufuria, ambayo sasa tunayakumbuka kwa mapenzi, maana yalichukua sufuria tu. Kuna ya Magodoro. Kuna ya Harusi, ambapo keki ilitoka mlangoni ikielea, na maharusi wa plastiki juu yake wakiwa wima, na hao ndio peke yao waliovuka siku ile bila kulowa. Kuna ya Vyeti. Hayo hatuyafanyii mzaha. Watoto wa nyumba tisa walibaki na karatasi nyeupe zenye mhuri, na mmoja wao amesharudia mtihani ambao alikuwa ameufaulu.

Ya mwisho ni Mafuriko ya Bibi.

Bibi ni nyanya yake kinyozi. Anakaa nyumba ya mwisho, ya sitini na moja, pale pale kwenye mdomo wa kalavati. Miguu yake ilimwacha miaka sita iliyopita, ulimi haujamwacha. Maji yakipanda, wanaume wanne wanakwenda kumbeba na kitanda chake, na yeye juu anaongoza kama nahodha. "Nyie, mnabeba mtu au mnahamisha kabati? Wewe wa kushoto, jana umekula kweli?" Amebebwa hivyo mara tatu na tukafika tukicheka.

Mara ya nne ilikuwa mchana, watu wengi wako kazini. Walipatikana watatu. Kitanda kiliinama upande usio na mtu, na Bibi akaingia majini. Haikuwa muda mrefu. Kinyozi anasema alihesabu hadi nne kabla hajamshika gauni. Bibi alipotapika maji aliyokunywa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Yana chumvi ya wenye nacho." Tukacheka, maana tusingecheka tungefanya nini.

Lakini wiki moja baadaye alituita wote wanne, akiwemo yule aliyekosekana, akasema bila utani: "Wanangu, ahsanteni. Sitabebwa tena. Mvua zijazo mkija na mikono yenu mtakuta nimefunga mlango kwa kamba kutoka hapa kitandani. Mimi si mzigo wa watu wanaohema, na sitaki mmoja wenu azame kwa ajili ya mtu aliyekwisha kula chumvi yake." Kinyozi alimbembeleza. Akamjibu, "Kanyoe watu."

Mgeni rasmi, Bibi hatanii juu ya mlango. Tunamjua.

MAFANIKIO

Kanuni inataka hapa tusifu, na yapo ya kusifu kweli.

Kupitia Mfuko wako na wafadhili wengine tumepata semina tisa. Tunajua sasa kutofautisha kustahimili na kukabiliana, jambo ambalo zamani tulikuwa tunalifanya bila kujua jina lake. Tumepata fulana mia mbili. Ukipita hapa siku ya kufua utaona kamba nzima imeandikwa TUNAWEZA.

Tumepata taa za jua, na hizi tunashukuru kutoka moyoni bila kuweka pilipili. Mkunga wetu anazitumia, na watoto wanasomea.

Tumepata miche mia nne. Ilipandwa na wageni siku moja kwa shangwe, kila mche na kibao chenye jina la aliyeupanda. Vibao vimestawi vizuri. Miche ilikuwa imepandwa pale tunapomwaga maji ya sabuni, ikafa ikiwa safi. Ila wafua nguo wetu walichukua machipukizi ya ile michache iliyobaki, wakayapanda upya kando ya mtaro wa juu na kuyamwagilia kwa maji ya suuza ya mwisho, na leo iko tisini na mitatu. Haina vibao. Mwenyekiti anapita kila asubuhi akiitazama kwa jicho ambalo tumemwomba alibadilishe.

Tumepata pia king'ora cha tahadhari, cha kisasa kabisa, kinacholia chenyewe maji yakikigusa. Kwa kuhofia wezi, kamati ya usalama iliamua kifungwe ofisini, na ofisi iko mlimani. Siku kitakapolia, mgeni rasmi, msituulize tumekisikiaje.

UKUTA

Sasa tumefika. Tulitamani kuruka, lakini mwenyekiti alisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Tangu mafuriko ya kwanza, maji yakishaondoka, katibu wenu huyu huchukua futi kamba yake ya kushonea, akapima mstari wa matope ukutani kwake, akauandika kwenye daftari. Daftari lilikwenda na mafuriko ya tatu. Ndipo tukaamua kuandika ukutani penyewe, kwa msumari na rangi, maana ukuta hauelei. Mistari kumi na moja, ile ya mwanzo ikifuata madoa ya matope yaliyobaki, kila mmoja na jina lake na sentimita zake. Ofisa wako mmoja aliupiga picha kwa mbali mwaka juzi, huku mbuzi amesimama mbele, na ndiyo habari iliyokufikia na kukuvutia.

Jumatatu tukapata ujumbe wa maneno machache: mgeni rasmi anakuja Jumamosi. Mtaa ukawaka. Tukafagia, tukaziba mashimo, tukamwomba mbuzi aende kwa jamaa zake. Mwenyekiti akamkabidhi kazi ya rangi shemeji yake, aliyehamia kwetu baada ya mvua zilizopita, fundi rangi hodari tunayemwita Makoti Mawili kwa sababu hajawahi kuamini koti moja la rangi. Jumanne alifanya kazi toka asubuhi. Katibu alikuwa amekwenda kununua uzi.

Jumatano ikafika barua yenye mhuri. Tuliisoma kwa sauti pale kwa kinyozi. Ilisema, na tunanukuu: "Zaidi ya yote, mgeni rasmi anatamani kuona ukuta wa alama za mafuriko ambao wakazi wameutunza kwa miaka tisa, kwa kuwa uamuzi wa Mfuko utazingatia ushahidi huo."

Mashine ya kunyolea peke yake ndiyo iliyoendelea kunguruma, na mteja aliyekuwa kitini amebaki na ndevu za upande mmoja hadi leo. Mnaweza kumwona, ndiye anayegawa maji.

"Shemeji," mwenyekiti akasema taratibu, "ule ukuta wa fundi cherehani umeupaka?"

"Nimeupaka. Ulikuwa na michirizi ya ajabu, shemeji, utadhani watoto wamechezea. Nikaukwangua kwanza."

"Ukaukwangua."

"Rangi haishiki juu ya uchafu. Kazi ni kazi."

"Koti moja?"

"Shemeji, si unanijua!"

Mgeni rasmi, ndiyo maana umepelekwa kuoneshwa ukuta mweupe mzuri sana. Ofisa wako aliuliza kama mistari ni ya kiwango cha chini sana hata haionekani. Hapana. Ni heshima yetu kwako ndiyo iliyozidi kiwango.

Tulikaa kikao cha dharura tuichore upya kwa kumbukumbu. Mwenyekiti akaanza: "Mwaka wa Magodoro maji yalinifika hapa," akajishika shingo.

"Yalikufika hapo," mkewe akasema, "kwa sababu ulikuwa umechuchumaa unatafuta kiatu."

Mwingine akasema yalipita dirisha. Mwingine akasema dirisha gani, yalipita mlango na yakarudi. Kila mtu alikumbuka maji marefu kuliko ya jirani yake. Saa moja baadaye tulipokadiria tukaona tukichora yote hayo, na mlimani nako kutakuwa kumezama. Wapo waliosema, chora tu, mgeni atajuaje? Tukakataa. Si kwamba sisi ni malaika. Ila ukiongeza sentimita kumi za uongo kwenye jambo la kweli, unakuwa umempa mtu sababu ya kutokuamini zote.

Makoti Mawili alikuwa amejikunja kwenye kona, hata chai hakugusa. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Jamani, mimi ni mgeni, nimekosa, nisameheni. Lakini naomba kuuliza. Hivi kwa nini vitanda vyote vya huku vimepandishwa juu ya matofali? Mimi kila nyumba niliyopaka rangi nimejigonga. Kwetu vitanda vinakaa chini."

Tukatazamana.

Unajua, mgeni rasmi, mtu harufu ya nyumba yake haisikii. Sisi tumezoea. Maji yakifikia godoro, ukishalianika, unaongeza tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda. Hakuna aliyetufundisha, na katika semina zote tisa hakuna aliyeuliza, maana semina hazifanyiki chumbani. Hakuna anayepachika tofali la sifa. Tofali linawekwa na maji.

Alhamisi tukapita nyumba kwa nyumba tukihesabu. Nyumba ya kwanza, karibu na mlima: tofali moja. Kwa mwenyekiti: mawili. Kwa katibu, katikati: matatu. Nyumba ya arobaini: manne. Kadiri unavyokaribia barabara vitanda vinapanda kama ngazi, na ukiwapanga watu wetu kwa urefu wa vitanda vyao umewapanga pia kwa uwezo wao, kwa sababu mwenye uwezo hahamii karibu na kalavati. Kwa ruhusa ya wenyewe tukauliza pia nyumba tisa za mlimani. Jumla ya matofali: sifuri. Mama mmoja alituuliza kwa huruma kama ni tiba ya mgongo.

Kwa Bibi ni saba kila mguu. Hawezi kushuka mwenyewe, hawezi kupanda mwenyewe. Tulipokuwa tunahesabu alituuliza tunatafuta nini huko chini. Tukamwambia ushahidi. Akasema, "Ushahidi uko huku juu, umelala." Kisha akatuonesha bati kwa kidole. Dari haipo, na tofali la nane likiingia, atakuwa anagusa paa kwa pua.

Basi hesabu yote ya nyumba sitini na moja imeambatanishwa nyuma ya risala hii. Unaweza kuingia chumba chochote ukahakiki. Wenye vyumba wamekubali, na wametandika.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza umeisikia. Ya pili inahusu karatasi.

Tumeandika maandiko ya mradi mara tano, kwa mifuko mitano tofauti, wa kwako ukiwa wa tano. Tumeomba jambo lile lile: kalavati pana. Mara mbili tuliambiwa kwa upole kwamba kalavati si ubunifu, tufikirie jambo jipya zaidi. Mgeni rasmi, tulijitahidi. Lakini maji nayo hayana ubunifu, yanapita pale pale kila mwaka.

Mara moja tulipewa fedha, hatukatai, ila zilipitia kwa mshauri, aliyekuwa na mshauri wake, na zilipofika bondeni zilikuwa zimechoka na safari, zikaweza kununua fulana tu. Tangu hapo tunaomba kitu kimoja katika kila andiko: anayelala juu ya matofali awemo katika kuamua. Asiwe wa kupigwa picha tu, awe wa kuulizwa. Hatusemi tunajua kila kitu. Tumekupeni wenyewe mfano wa ukuta. Lakini kosa la ukuta tumelifanya siku moja na tumelirekebisha kwa siku mbili, bila mshauri.

MAOMBI

Tulitaka maombi kumi na mawili. Mke wa mwenyekiti akafuta tisa, akasema mwombaji mwenye orodha ndefu hurudi na kalamu.

La kwanza, king'ora kiteremshwe. Hili halihitaji fedha, linahitaji bisibisi na aibu kidogo.

La pili, ni kalavati. Mabomba mawili mapana, saruji, na fundi wa kusimamia. Michoro ni ya mhandisi wa manispaa, ameichora bure, Mungu amwongezee. Kuchimba ni kwetu. Majirani wa mlimani, kupitia yule mzee wa safu ya pili, wameahidi kila ua kubomoa ukanda mmoja wa sakafu ili ardhi ipate pa kunywea; watano wamekwishaanza, na mmoja alipobomoa alikuta nyungunyungu, akaita watoto wake waje waone.

La tatu ndilo tulilogombania kuliko yote, hadi watu wakainuka kwenye viti.

Mgeni rasmi, tunaomba jibu. Mvua zimebakiza wiki sita. Mhandisi amekubali barabara ikatwe kwa sharti kazi ianze ndani ya siku kumi, kwani mawingu yakishakusanyika hakuna atakayethubutu kuacha barabara kuu ikiwa wazi. Na hilo sharti ni la haki.

Jibu likiwa ndiyo, sururu na majembe yako nyuma ya kibanda cha mkaa, yamenolewa.

Jibu likiwa hapana, hatutanuna. Tutakupigia makofi yale yale, utakunywa maji, utaondoka salama. Hapana tunajua kuishi nayo. Jumatatu kinyozi ataanza kutafuta chumba mahali pa juu. Bibi alizaa watoto sita katika nyumba ile na hataki kuiacha, lakini tumezungumza naye, na amesema hivi: akijua kwa hakika kwamba kalavati haliji, atatoka. Atatoka mapema, ardhi ikiwa kavu, kwa gari, amevaa vizuri, kama mtu anayehama, si kama kitu kinachookolewa. Asichokubali ni kuhama kwa tetesi halafu mabomba yaje wiki inayofuata. Na kwa kweli ana haki.

Tusichoweza kuishi nacho ni "tutawasiliana." Neno hilo limetufikia kwa barua mara nne, kwa lugha nzuri na karatasi nzito. Kila mara tumelisubiri kwa adabu, na kila mara maji yamewasiliana nasi kwanza.

Tunajua Mfuko una bodi, na bodi ina vikao. Tunajua hata wewe unaulizwa na walio juu yako, na huenda wewe pia una kitu unachokipandisha tofali moja moja. Kama huwezi kusema leo, tutajie siku, ndani ya hizo kumi, na siku hiyo tutaishika.

Wengine walitaka tumlete Bibi hapa mbele, kwa kitanda chake, mbele ya kamera. Alikataa, nasi tulifurahi alivyokataa. Alisema, "Mimi si maonesho. Anayetaka kuniambia kitu, mlango ninao." Kutoka hapa ulipokaa hadi kwake ni hatua mia mbili na kumi, tumepima kwa futi kamba. Ratiba yako haina hatua hizo. Ina chakula, kisha safari. Chakula kitafunikwa.

Hataki zawadi wala fulana. Anataka neno moja kati ya mawili, na ameomba alisikie kwako, si kwetu. Sisi tumemwambia "hivi karibuni" kwa miaka tisa, na siku hizi tukifungua mdomo tu anageukia ukutani.

Mungu akupe afya, akupe bodi yenye masikio, awajalie waliokutuma wingi usiopungua kwa kutoa, na akurudishe nyumbani kwako ukiwa mkavu.

Ni sisi, wakazi wa nyumba sitini na moja,

KIKUNDI CHA MAZINGIRA CHA MAJI YAKIJA TUPO